Usichague pampu kabla hujajua uzito wa bomba unakwenda wapi

Msomaji mmoja, mhandisi kijana, ameniandikia: “Shikamoo mhandisi. Nimepewa kazi ya kutoa maji katika mgodi wa chini ya ardhi, shimo wima la mita 300. Nichague pampu ya aina gani?”

Marahaba. Umenikuta na furaha, maana wiki hii tumewasha mtambo wa namna hiyo hiyo na umefaulu majaribio yote, kwa hiyo nivumilie nikijisifu kidogo. Pampu iache kwanza. Pampu hata kamati ya ununuzi inaweza kuichagua. Niambie uzito wa bomba lako unakwenda wapi.

Chukua bomba la chuma lenye kipenyo cha ndani cha milimita 200. Kila mita inabeba maji kilo 31, na chuma chenyewe, kikiwa na unene wa milimita 8 hivi, ni kilo 42. Kwa mita 300 umeshakaribia tani 22, na hujahesabu flanji (bamba za kuunganishia vipande vya bomba), boliti wala vali. Maji yakiwa yametulia, shinikizo chini kabisa ni karibu bar 30, yaani karibu mara 30 ya shinikizo la hewa. Pale bomba linapopinda kutoka kwenye pampu kuelekea juu, kiwiko kinasukumwa chini kwa nguvu ya zaidi ya tani 9, na kinasukumwa pembeni kwa nguvu hiyo hiyo.

Nilipoileta hesabu hii mezani mara ya kwanza, miaka mingi iliyopita, mkuu mmoja wa mradi alinicheka mbele za watu. “Bomba limenyooka, litasimama lenyewe,” akasema. Akakata vyuma vya maegemeo, vile vya kubeba bomba, kwenye bajeti, na mimi nikahamishiwa kuchora ngazi. Sijasahau. Wala sijasahau simu niliyopigiwa baadaye: pampu inakula beringi, gasketi za kuzuia kuvuja zinapasuka kila zikibadilishwa. Ikalaumiwa pampu, ikaletwa kubwa zaidi, nayo ikala beringi. Kumbe kati ya pampu na kiwiko palifungwa kiungo cha mpira kisicho na fimbo za kukizuia kurefuka. Kiungo cha namna hiyo kikijaa shinikizo hutanuka, na zile tani 9 zote huishia kwenye mdomo wa pampu. Mdomo wa pampu ya ukubwa huo haubebi mzigo kama huo.

Basi uzito upeleke kwenye mwamba. Chini ya kiwiko weka mguu wa chuma uliokaa juu ya zege. Huko juu shimoni, chagua sehemu chache za kufunga mihimili ya kubeba uzito, na katikati yake weka vikamatio vinavyozuia bomba kuyumba pembeni lakini vinaliacha lipande na kushuka. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa kubana kila kikamatio mpaka bomba lisiweze hata kupumua. Chuma cha mita 300, joto likibadilika nyuzi 20, hurefuka au kufupika milimita 70 hivi. Ukikinyima nafasi, kitakachoachia ni boliti ya ukutani. Na ukiweka kiungo cha kutelezea ili bomba lipate nafasi ya kurefuka, kinaamsha upya ile nguvu ya shinikizo, kwa hiyo mhimili wa karibu uhesabiwe kuibeba. Boliti za mwambani zivutwe kwa jeki zijaribiwe kabla hujaning'iniza chochote.

Kama pampu ni ya wima na mota imekaa juu yake, kuna mtikisiko pia. Mota ya mizunguko 1,480 kwa dakika inatikisa karibu mara 25 kwa sekunde. Kiti chake kikiwa na mtetemo wa asili (kasi kinayotikisika chenyewe kikigongwa) karibu na hapo, hakuna fundi atakayekituliza. Bomba lililofungwa kwenye kichwa cha pampu hubadilisha ugumu wa kiti, kwa hiyo vihesabiwe pamoja.

Kutu na maji ya asidi ni mambo ya majedwali, utayasoma mwenyewe. Ila vijana, acheni kuiabudu programu ya kompyuta ya kukokotoa mabomba. Itakupakia bomba rangi nzuri hata kama egemeo uliloliweka halina mwamba nyuma yake. Uliza uzito unakwenda wapi. Ukijibiwa, uliza tena.

Mwisho, umeme ukikatika. Maji yanayopanda mita 2 kwa sekunde kwenye bomba wima husimama na kuanza kurudi kabla sekunde moja haijaisha. Vali ya kuzuia maji kurudi ikichelewa, ikaja kujifunga yakiwa yameshapata kasi kama ile, pigo lake ni bar 24 hivi juu ya zile 30. Weka vali inayojifunga upesi, na maegemeo yapimwe kwa pigo hilo. Sisi tulikata umeme makusudi, pampu ikiwa kwenye mzigo kamili. Sindano ya kipima shinikizo iliruka, bomba halikusogea. Meneja wa mgodi, aliyekuwa akiniuliza kila kikao kwa nini mihimili ni mingi, ameniomba michoro ya mihimili hiyo kwa ajili ya shimo la pili. Nimempelekea, pamoja na ankara.