Kadi ya kwanza ya mkopo

Swali: Nimeanza kazi Nairobi, na benki inayopokea mshahara wangu inanihimiza nichukue kadi ya mkopo. Niangalie nini kwanza?

Jibu: Ndugu msomaji, uliza riba ya mwezi, ada ya mwaka na siku unazopewa kulipa bila riba, kisha uombe kikomo kidogo cha matumizi hata ukiahidiwa kikubwa. Jihadhari hasa na kiwango cha chini cha malipo ambacho benki hukubali kila mwezi: ukidaiwa shilingi 20,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, nawe ukalipa 1,000 tu, 600 humezwa na riba na deni hupungua kwa 400. Usitoe fedha taslimu kwa kadi hiyo, kwani kwa kawaida riba huanza siku ileile. Pointi za zawadi, kwa maoni yangu, ni pambo. Ukikosa kulipa, taarifa zako hufikishwa CRB (kampuni zinazotunza kumbukumbu za wakopaji), zikakukwamisha utakapoomba mkopo mwingine.