Mama anasema mzima, mashine inasema presha: umwamini nani?

Mkuu, umeuliza umwamini nani: mama yako wa miaka 71 anayesema hana tatizo, au kipimo cha presha kilichosoma 168 kwa 96. Naishi na mzee wangu hapa Bugarika, Mwanza, na kwa nilivyoona, waamini wote wawili. Wanapima vitu tofauti.

Baba alikuwa mnunuzi wa dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Presha anayo, goti linamsumbua, jicho moja lilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Ukimuuliza afya, atakwambia yuko vizuri, maana anashuka hadi sokoni na kuupanda mlima wetu wa mawe bila kushikwa mkono. Tena anajilinganisha na wa rika lake: huyu hainuki kitandani, yule tumeshamzika. Tusiidharau hesabu hiyo. Mwaka 1997 watafiti Idler na Benyamini walipitia tafiti 27, na karibu zote zilionyesha kwamba jinsi mtu anavyoikadiria afya yake mwenyewe hutabiri uwezekano wa kufa, hata magonjwa aliyonayo yakishahesabiwa.

Ndiyo maana mimi hushtuka zaidi mzee anapoanza kulalamika kuliko namba inapopanda. Kuna wakati baba aliacha kwenda Mwaloni, akasema mwili umemkataa. Presha ilikuwa imetulia, ndugu wakasema ni uzee tu. Kauli hiyo inaniumiza sana, wazee wengi wanaachwa nayo nyumbani. Tulimpeleka hospitali, wakampima damu, wakakuta imepungua mno. Alitibiwa, na mlima akaupanda tena.

Lakini presha, mkuu, haimwambii mtu kitu. Inaweza kukaa juu miaka bila hata kichwa kuuma, huku inaharibu moyo na figo, hadi kiharusi. Mama apimwe tena siku nyingine akiwa ametulia. Ikibaki 140/90 au zaidi, amwone daktari, na akiandikiwa dawa azinywe hata siku anazojisikia vizuri. Usimwite mgonjwa, atakataa. Mwambie dawa ni za kumwezesha aendelee na shamba lake au kanisa lake.

Na habari za afya usimuulize kwenye salamu, hapo atakujibu nzuri tu. Kaeni jioni, umuulize kazi gani alikuwa akiifanya mwaka jana na sasa ameiacha. Akikutajia hata moja, kamwambie daktari. Bora zaidi aiseme mwenyewe, wewe ukiwa kando, kwa sababu wahudumu wengi wakimwona mzee ameletwa na mtoto humuuliza mtoto.