Usaha unanuka, hadubini inaonyesha bakteria, sahani hazioti kitu

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nipo maabara ya hospitali ya wilaya mkoani Kigoma. Wodi ya upasuaji hutuletea usaha unaonuka vibaya. Nikipaka rangi ya Gram (inayowapa bakteria zambarau au nyekundu) naona bakteria wengi, lakini baada ya saa 24 sahani za kuoteshea, za agari ya damu na MacConkey, ni tupu. Naandika "hakuna kilichoota", na daktari anaona tatizo ni sisi. Je, nikitumia kopo la mshumaa (sahani hufungiwa humo na mshumaa unaowaka) nitawapata?

JIBU: Nzuri, dada, na pole na majukumu. Nianze na la mshumaa maana jibu lake ni fupi: hapana. Mshumaa huzimika wakati oksijeni nyingi bado imo koponi. Kinachoongezeka ni kaboni dioksaidi kidogo, inayowafaa bakteria kama wa kisonono. Hao unaowatafuta, bakteria wasiovumilia oksijeni, huuawa na oksijeni hiyo hiyo iliyobaki.

Sasa rudi kwenye kioo chako cha hadubini. Harufu kali, bakteria wengi chini ya hadubini, sahani tupu: mambo hayo matatu yakikutana, fikiria kwanza bakteria wasiovumilia oksijeni. (Mgonjwa aliyekwisha kuanza dawa naye huweza kutoa picha kama hiyo, kwa hiyo uliza wodini.) Wengi wa bakteria hawa hawatoki mbali. Wanaishi kinywani, utumboni na ukeni bila kumsumbua mtu, mpaka utumbo utoboke kwa taifodi, kidole tumbo kipasuke, au jino bovu livimbishe taya. Wengine, jamii ya Clostridium, mbegu zao zimo udongoni, na huingia kwa ajali ya bodaboda iliyovunja mfupa na kujaza kidonda mchanga.

Kwa hiyo kile kioo cha Gram ni majibu kamili, na yanapaswa kumfikia daktari siku hiyo hiyo. Vijiti vyembamba, vyekundu hafifu, visivyolingana urefu, katika usaha wa tumboni, vinaelekeza kwa Bacteroides. Vijiti vinene vya zambarau, ncha zake kama zimekatwa kwa wembe, huku seli za usaha zikiwa chache kuliko ulivyotarajia, vinatisha zaidi: huyo anaweza kuwa Clostridium perfringens, na seli zimepungua kwa sababu sumu yake inaziharibu. Hapo usiandike fomu ukaiweka kwenye trei. Piga simu wodini. Misuli inayooza kwa gesi haisubiri kuotesha, na daktari atahitaji kufungua kidonda saa hiyo.

Tatizo kubwa, kwa maoni yangu, liko kabla sampuli haijakufikia. Pamba ya kijiti iliyopitishwa juu ya kidonda hukauka, hubeba hewa, na huokota bakteria wa ngozi. Waombe madaktari wavute usaha kwa bomba la sindano kutoka ndani ya jipu ambalo halijapasuka, baada ya kusafisha ngozi vizuri, au wakupe kipande cha nyama kilichokatwa wakati wa upasuaji. Akishavuta, ashike bomba wima, povu lipande juu, aweke shashi penye ncha na kusukuma taratibu hadi hewa yote itoke. Kisha sindano itupwe kwenye boksi la usalama na bomba lifunikwe kwa kifuniko safi. Asilete bomba lenye sindano, atakuchoma. Likufikie ndani ya nusu saa, likiwa na joto la kawaida la chumba. Usilitie friji, kwani kimiminika kikipoa huyeyusha oksijeni zaidi.

Ukiwa Kibondo au Kakonko, nusu saa haikufikishi Kigoma mjini. Hapo lazima chupa maalumu ya kusafirishia yenye kirutubishi kisicho na oksijeni, na simu kwanza kwa maabara unayoitumia, ili uhakikishe wanapokea sampuli ya aina hiyo. Makohozi, kinyesi na majimaji ya ukeni usiyaoteshe kutafuta bakteria hawa: sehemu hizo wamejaa hata kwa mtu mzima wa afya, na ukiwapata hujathibitisha lolote.

Kuotesha kwenyewe kunawezekana hata kwenye maabara ndogo. Jambo la bei nafuu ni kirutubishi cha nyama iliyopikwa cha Robertson. Kichemshe kwa dakika 10 kufukuza hewa iliyoyeyuka, kipoze haraka bila kukitikisa, kisha ingiza usaha chini kabisa, kati ya vipande vya nyama. Nyama ikigeuka nyeusi na kunuka, kuna bakteria wanaoimeng'enya. Ikiwa nyekundu-waridi, kuna wanaotumia sukari. Ukipata chombo kisichopitisha hewa na pakiti za kunyonya oksijeni, weka ndani agari ya damu yenye vitamini K na hemini, pamoja na kiashiria cha methilini buluu. Kiashiria kikibaki cha buluu, chombo kinavuja au pakiti haikufanya kazi, na matokeo hayo hayafai. Usifungue kabla ya saa 48. Kinachoota humo kioteshe tena, sahani moja hewani na nyingine chomboni. Anayeota chomboni tu ndiye wako. Kikaratasi cha duara chenye mikrogramu 5 za metronidazoli, dawa inayowaua bakteria hawa, kikiwekwa kwenye sahani ya kwanza, eneo tupu kukizunguka litakuonyesha mapema wapi pa kuangalia.

Na ile fomu, badala ya "hakuna kilichoota", andika hivi: "Gram: seli nyingi za usaha, vijiti vingi vya Gram hasi (vyekundu). Hakuna kilichoota hewani baada ya saa 24. Uchunguzi huu hauthibitishi kwamba bakteria wasiovumilia oksijeni hawapo." Daktari akisoma hivyo atajua kwamba gentamisini peke yake haitoshi, kwa sababu dawa hiyo huhitaji oksijeni ili iingie ndani ya bakteria, na kwamba jipu bado linahitaji kutobolewa hata kama dawa imeanza.

Wakikuletea kidonda cha mgonjwa wa pepopunda, ambayo nayo huletwa na jamii ya Clostridium, waambie wasisubiri maabara. Ugonjwa huo hutambuliwa kitandani, kwa taya lililokaza na misuli inayokakamaa, na mara nyingi kidonda hakitoi bakteria yeyote.