Mdomo wa fundi hutangulia futi

Wiki hii mmetuuliza wasomaji kama tumewahi kujikuta na hukumu tusiyoijua kuhusu unene au wembamba wa watu, na kama tumeweza kuibadilisha. Mimi ni fundi cherehani, Magomeni, Dar es Salaam. Kazi yangu ni kuzungushia watu futi kiunoni kutwa nzima, kwa hiyo swali lenu sina pa kulikwepea.

Moyoni sina neno na mtu mnene. Ukiniuliza nitakujibu hivyo, na nitakuwa nasema kweli. Ila shida haipo kwenye ninachosema nikiulizwa, ipo kwenye ninachosema kabla sijaulizwa. Mteja mwembamba akiingia na kitenge chake, mdomo unamwambia, "Hiki tukikibana kiunoni kitakukaa." Akiingia bonge, mdomo huohuo unasema tushone cha kuachia, au dera kabisa, tena rangi iwe imekolea. Hajaomba kufichwa. Pengine ana picha ya mshono anaoutaka kwenye simu na hajapewa hata nafasi ya kuifungua. Bei nayo hivyohivyo: mafundi wengi tunaongeza ya "usumbufu" kwa kumtazama mtu tu, kabla hatujajua kitambaa kitaenda mita ngapi.

Na wenyewe wamekwisha kuzoea. Wanawake wanene wengi huingia wakiomba radhi: "Fundi, leo umepata kazi." Sijasikia mwanamume mwenye kitambi akiomba radhi kwa fundi. Yeye anasimama wima, anasema koti lisimbane, na huko nje vijana wa maegesho wamekwisha kumwita bosi. Tumbo ni tumbo, lakini la baba tunalisoma kuwa cheo na la mama tunalisoma kuwa kashindwa kujizuia.

Wataalamu wana njia ya kuipima tabia hii. Mwaka 1998 Anthony Greenwald na wenzake wa Marekani walichapisha jaribio la kompyuta linalopima jinsi mtu anavyooanisha vitu kichwani. Unaonyeshwa picha na maneno, unabonyeza haraka, na kompyuta inapima umechelewa kiasi gani kuweka pamoja "mnene" na "zuri" ukilinganisha na "mwembamba" na "zuri". Mwaka 2019 Tessa Charlesworth na Mahzarin Banaji wa Harvard walitoa matokeo ya majaribio zaidi ya milioni 4, yaliyofanywa kati ya 2007 na 2016, waliojipima wakiwa watu wa Marekani. Waliyoyasema watu kwa midomo yao yalikuwa yanapoa karibu kila mahali. Hukumu ya ndani kuhusu rangi ya ngozi ilipungua, na kuhusu mashoga ilipungua zaidi. Kuhusu uzito wa mwili ilizidi. Nililisoma hilo nikaona ndiyo hali yangu: jibu zuri nikiulizwa, na mdomo unaokimbilia dera nisipoulizwa.

Jaribio lenyewe si kama kipimo cha malaria, kwamba unatoka na karatasi inayosema unao au huna. Mtu mmoja akijipima leo na kesho anaweza kupata majibu tofauti. Linafaa zaidi kuuangalia umma kwa pamoja.

Tena hukumu ya Dar si nakala ya ile ya Marekani. Hapa kwetu ina sura mbili. Ugonjwa wa UKIMWI uliporipotiwa nchini kwa mara ya kwanza, Kagera, mwaka 1983, ndipo lilipoanza jicho la kumpima mtu kwa mashavu yake. Akikonda, minong'ono. Kabla ya dawa za bure kuanza kutolewa mwaka 2004 watu walizikwa wengi, na waliobaki walishika somo moja: mwili ni salama, mifupa ni habari mbaya. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa Mwananyamala anamwambia mwenzake "umenenepa!" akiwa na maana ya pongezi, na "mbona umekwisha?" huulizwa kwa sauti ya chini. Baadaye zikaja habari za sukari na presha, na mwili uleule uliokuwa pongezi ukawa tuhuma. Jicho ni lilelile, hukumu ndiyo iliyogeuka. Siku hizi wateja wa aina zote mbili wananipitia asubuhi moja: huyu anataka aongezewe hipsi kwa sponji, yule anataka za kwake zifichwe.

Na jicho hilo halioni mengi. Kisukari cha aina ya pili kinawapata wembamba pia. Tafiti za mapacha na za familia zinakadiria kuwa kati ya asilimia 40 na 70 ya tofauti za uzito baina ya watu inatokana na kurithi. Wapo wanaonenepa kwa insulini, kwa dawa za steroidi, kwa baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Hata dolutegravir, iliyomo kwenye mchanganyiko wa dawa za kufubaza VVU unaotumika sana nchini, imeonekana kuongeza uzito kwa baadhi ya wanaoitumia, wanawake hasa. (Naliandika hili kwa woga, maana najua kuna mtu ataligeuza na kuanza kuwanong'onea wanene.) Hata ule uwiano wa kilo na urefu wanaokupigia hesabu kliniki ulitokana na Adolphe Quetelet, mtu wa hesabu na nyota wa Ubelgiji, miaka ya 1830, aliyekuwa anatafuta wastani wa umma wa watu. Hakuwa anampima mgonjwa aliyekaa mbele yake.

Basi nimebadilisha nini? Moyo sijui kama umebadilika, na sina haja sana ya kujua. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2016, uliohusu rangi, uliojaribu mbinu 9 za kuisafisha hukumu ya ndani. Zilifanya kazi papo hapo, na baada ya saa kadhaa au siku chache hakukuwa na kilichobaki. Nikaona bora nibadilishe utaratibu wa kazi. Mteja yeyote sasa anaanza kwa kuonyesha au kuchagua picha, kutoka albamu ileile, na mimi nimenyamaza. Bei ya kila mshono imebandikwa ukutani, kitambaa kinahesabiwa kwa mita baada ya kupima. Na vipimo havitangazwi. Zamani mimi nilikuwa napima na mwanafunzi wangu anarudia kwa sauti ili asikosee, "Hipsi inchi hamsini!", na baraza letu liko kandokando ya njia, bodaboda wote wanasikia. Sasa anayepima ndiye anayeandika.

Kuna mteja wangu wa siku nyingi aliyenicheka. Akasema Waswahili tunataniana, tukianza kuogopa kuitana bonge na kimbaombao tutakuwa Wazungu. Utani naupenda, ila utani una haki zake. Mtani wangu akinisema, nami namsema, na hakuna wa kukasirika. Mtu aliyesimama mikono juu, futi imemzunguka kifuani na pini zimo mdomoni mwangu, atanirudishia vipi? Na abiria anayesikia "mama, lipa siti mbili" kwenye daladala, mlango ukiwa umejaa watu, amtanie nani?

Palipobaki pagumu ni sare za harusi. Kamati inakuja na mshono mmoja wa kubana, umechaguliwa kwa mwili wa dada mmoja, halafu mwenyekiti ananivuta pembeni: fulani mshonee tofauti kidogo, naye atasimama nyuma. Sasa jibu langu ni kwamba kitambaa kiwe kimoja na mishono iwe mitatu, kila mtu achague wake mwenyewe, na nani asimame wapi si kazi ya fundi. Kamati nyingine zinakubali. Nyingine zinakunja vitambaa vyao na kuvipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili, nami nakosa hela ya mwezi.

Na akija mtu mwenyewe akaniambia, "Fundi, nifichie tumbo," namfichia. Nimejiuliza kama hapo pia naishibisha hukumu ileile. Labda. Lakini gauni atalivaa yeye, na yeye ndiye aliyeomba.