Baada ya hitima, nani hubaki?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Wakati wa dhiki, nguvu hutoka kwenye dua au kwa watu?" Jibu nilikuwa nalo kabla sijamaliza kusoma: dua. Watu hutawanyika. Ila mimi ningewauliza wasomaji jambo jingine: watu huja lini, na huondoka lini?

Nilifiwa na mume hapa Lamu, mtaa wa Langoni, msimu wa kusi. Siku za matanga nyumba haikuwa na pa kukanyaga, Yasini zinasomwa, wanawake wamejaa hadi ngazini. Hitima, kisomo cha kumwombea marehemu, ilipokwisha nikawa nadaiwa dukani mchele, samli na nyama. Na sote tumesomeshwa kwamba Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume, alipouawa vitani Muta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliamrisha jamaa za Jaafar ndio wapikiwe, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Kwetu mfiwa ndiye apikaye. Linaniuma mpaka leo.

Ikabaki eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, hutoki ila kwa dharura. Jirani yangu, mama mtu mzima, akawa haachi kuja baada ya alasiri, fungu la miyaa, majani ya kusukia mikeka, kwapani. Hakuniambia nisubiri, maana neno hilo nilikuwa nimelishiba. Hukaa jamvini akaanza ukili, ule msuko mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, ukifika shubiri mbili hunipa: "Endeleza, mwanangu, macho yangu jioni hayaoni rangi." Macho yake yalikuwa mazima. Nasuka, rangi inanishika vidoleni, na nikikosea huuchukua, akaufumua kidogo, akanirudishia kimya. Wanangu ashawapeleka chuoni kusoma Kurani na kuwarudisha. Ikiadhiniwa magharibi tunasali pamoja, kisha huinua mikono na kumtaja marehemu kwa jina lake na la babake, kwa sauti. Wengine wote waliokuja kwangu walikuwa washaacha kulitaja jina lile, wakiogopa nitalia. Nililia, naam, na yeye aliendelea kuomba. Ukili ulipotimia pima za kutosha aliushona mkeka, akauuza, na pesa akazipeleka moja kwa moja kwa mwenye duka.

Sasa nimefika hapa, "dua" peke yake siwezi kuiandika tena. Saa nane za usiku, mtaa wote umelala, ni dua iliyonipa usingizi, na kwa hilo sirudi nyuma. Lakini mchana nilivushwa na mtu. Basi niandikieni: watu. Sisemi ule umati wa hitima, ingawa nao siwalaumu wote, wako waliotoka Matondoni na bahari imechafuka kuja kunipa mkono. Wala isidhaniwe napinga hitima. Ya mume wangu ningeisomesha tena hata kesho, kwa kahawa na tende. Pilau, kama lazima iwepo, mtaa ndio uipike.