Kabla ya Kulitaja Jiwe, Uliza Lilitoka Wapi

Juzi nilipokea ujumbe wa msomaji, mwanafunzi wa jiolojia wa mwaka wa tatu, aliyefeli mtihani wa vitendo kwa kuiita sfaleriti nyeusi, yaani madini ya zinki, kwa jina la magnetaiti, ambayo ni madini ya chuma. Aliniuliza kama abadilishe kozi. Niliusoma mara tatu, kwa kuwa kosa hilo nililitenda mimi nilipokuwa masomoni Japani, na hadi leo linaniuma.

Sampuli niliyopewa ilitoka Kamioka, mkoani Gifu, katika mgodi wa zinki, risasi na fedha uliofungwa mwaka 2001, ambao wengi siku hizi wanaufahamu kwa tangi la tani 50,000 za maji lililojengwa ndani ya mlima wake ili kunasa nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu. Nilishika jiwe zito, jeusi, lenye kung'aa, nikaandika "magnetaiti" papo hapo. Mwalimu alinirudishia ripoti mbele ya wenzangu wote, akaniuliza nilikuwa natafuta chuma katika mgodi gani. Usiku ule sikulala.

Miezi iliyofuata niliitumia kujifunza jambo ambalo ningepaswa kulijua kabla: skarni, yaani mawe ya chokaa yaliyogeuzwa na maji ya moto ya chini ya ardhi, husomwa kwanza kwa mahali, kisha kwa rangi. Maji ya moto yanayotokana na magma, yakiwa yamebeba silika, chuma na manganizi, hupenya mawe ya chokaa na kuyageuza kuwa madini mapya. Karibu na chanzo cha joto mara nyingi hutawala garneti, mbele yake pairoksini, na mwishoni hubaki marumaru tupu. Zinki na risasi hupenda kusafiri mbali, zikifuata nyufa na mipaka ya matabaka, na ndiyo maana sfaleriti na galena, madini ya risasi, hukutwa zaidi pamoja na pairoksini, hasa pale inapokutana na marumaru. Pale Kamioka wachimbaji waliyatambua mawe haya kwa majina yao wenyewe: mokuji, ambamo madini yamo ndani ya hedenbegaiti, aina ya pairoksini, ya kijani kibichi, na shiroji, jiwe jeupe la kwazi na kalsaiti. Fedha huioni kwa macho, kwa kuwa kwa kawaida imejificha ndani ya galena au katika chembe ndogo za madini yanayoambatana nayo.

Jiwe langu lilikuwa limezungukwa na hedenbegaiti. Ningeitazama hiyo kwanza, ningesita.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usitaje jina kabla ya kuchora jirani zake. Kisha sugua jiwe kwenye kigae cheupe kisichong'arishwa: magnetaiti huacha unga mweusi, ilhali sfaleriti, hata ile nyeusi kwa wingi wa chuma, huacha unga wa kahawia. Sogeza sumaku pia. Ni kazi ya dakika moja, na mwanajiolojia anayeona aibu kuifanya hastahili kuaminiwa na tajiri wa mgodi wala na wanakijiji wanaoishi chini ya mgodi huo.

Nasema wanakijiji kwa makusudi. Ndani ya sfaleriti hukaa kadimi, metali yenye sumu, iliyochukua nafasi ya sehemu ndogo ya zinki. Kadimi ya Kamioka ilishuka na mto Jinzu hadi kwenye mashamba ya mpunga ya Toyama, ikawalemaza watu, wengi wao wanawake wa makamo na wazee, kwa maradhi yaliyoitwa itai-itai, yaani "inauma, inauma", kwa sababu mifupa yao ilikuwa ikivunjika. Mwaka 1968 serikali ya Japani ilikiri kwamba maradhi hayo yalitokana na uchafuzi. Nilipoiita sfaleriti magnetaiti, niliifuta kadimi kwenye ramani yangu bila kujua, na hilo ndilo linaloniuma kuliko maneno ya mwalimu.

Kijana yule nimemjibu asiache kozi. Nimemwomba arudi maabara, aombe jiwe lile lile, alisugue kwenye kigae, kisha aniandikie rangi ya unga na majina ya madini yote yanayoligusa jiwe hilo pande zote.