Kukua maana yake nini? Jibu la fundi aliyezoea kusema "njoo kesho"

Ndugu mleta mada ameuliza kwamba, ukiacha kuongezeka umri na kipato, mtu kukua maana yake ni nini, na atajuaje kwamba amekua. Waliotangulia kujibu wametaja kuamka alfajiri, kusoma vitabu na kujiwekea malengo ya mwaka. Sina ugomvi nao, ila mimi nitajibu kwa lile ninalolifahamu kwa hakika. Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, na kwa miaka mingi maneno yaliyonitoka kinywani kuliko yote yalikuwa "njoo kesho."

Asiyejua kazi yetu hudhani huo ni uvivu. Fundi hukesha hadi usiku wa manane na bado akaahidi uongo, kwa sababu kumkatalia mteja aliyesimama mbele yako na kitambaa chake mkononi ni kazi nzito kuliko kumdanganya. Mwezi wa Ramadhani nilikuwa na uwezo wa kushona magauni mawili kwa siku, nikijibana sana matatu, lakini nilipokea kila kilicholetwa, nikakibana kwa pini na karatasi yenye jina, na vyote nikaviahidi kwa siku moja, yaani siku mbili kabla ya Idi. Hata mtoto wa darasa la pili angeona kwamba hesabu hiyo haitoki.

Katika mfungo wa mwaka 2015, mama mmoja wa makamo aliniletea kitenge cha yadi 6 chenye picha za ndege wakubwa, wote wakitazama juu. Kitambaa cha namna hiyo hakigeuzwigeuzwi wakati wa kukata, vinginevyo picha hupinduka. Nilikikata usiku nikisinzia, na asubuhi, nilipounganisha mabega, nikaona ndege wa mbele wamesimama vizuri na wa mgongoni wananing'inia kichwa chini kama popo. Kipande kilichobaki hakikutosha mgongo mwingine. Mama alipokuja nikamwambia kwamba umeme ulikatika. Akaitazama cherehani yangu, ambayo ni ya kukanyaga, akaitazama pasi yangu, ambayo ni ya mkaa, kisha akaniuliza kwa upole: "Fundi, umeme wa nini?"

Ningependa kuandika kwamba nilitubu papo hapo. Nilimwambia aje kesho, na kesho yake nikamwachia kijana banda, nikajificha kwenye kijiwe cha kahawa mpaka nilipopata habari kwamba ameondoka. Usiku wa kuamkia Idi alikuja tena, akaketi kwenye benchi bila kusema neno, nami nikampa gauni nikiwa nimelikunja ili mgongo usionekane. Fedha iliyobaki nikaipokea. Hakurudi tena kibandani kwangu, na hadi leo sijapata nafasi ya kumwomba radhi.

Kosa la mkasi humpata kila fundi, kwa hiyo si hilo linaloniuma. Kinachoniuma ni kwamba wakati ule nilikuwa na miaka 34, mke na watoto wawili, na mtaani nikiitwa mtu mzima. Lugha yetu ina ujanja wake hapa, maana mzima ni aliyetimiza umri, na mzima pia ni kitu kisicho na ufa.

Nilichofanya baadaye hakina fahari yoyote: nilinunua kaunta buku. Nikapiga mistari, kila siku nikaipa nafasi mbili, na nafasi zikijaa nilikuwa sipokei tena. Ramadhani ya kwanza ya daftari hilo ilinitoa jasho, kwa kuwa niliwakatalia watu ninaosali nao, baadhi yao wakavuka barabara mbele ya macho yangu kumpelekea jirani ambaye hakatai kitu, na mapato ya msimu yakashuka hata mke wangu akaniuliza kama naumwa. Kuandika kulikuwa rahisi. Shida ilikuwa kutamka "sitaweza" kisha kunyamaza, bila kuongeza "lakini hebu pita pita." Ulimi wangu ulihitaji misimu miwili kuzoea.

Miaka michache baadaye nilikwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kurasimisha ujuzi, mpango unaompima fundi aliyejifunzia mtaani, ukamwelekeza anapopungukiwa, kisha ukampatia cheti. Mtathmini, binti ambaye ningeweza kuwa mjomba wake, aliigeuza blauzi yangu nje ndani, akaweka kidole kwapani na kusema kwamba mkono umevutwa kwa nguvu ili uenee kwenye tundu lake, na kwamba nguo ya namna hiyo lazima imbane mvaaji anapoinua mkono. Damu ikanichemka. Kisha nikawakumbuka wateja wote walionilalamikia kwapa, nami nikawajibu kwamba wamenenepa. Nikamwomba anionyeshe, akanionyesha, kazi ya dakika 5. Cheti nimekitundika ukutani na kinaniletea wateja, lakini swali la mleta mada likiulizwa, mimi huzikumbuka dakika zile.

Kuhusu mtu atajuaje, kipimo changu ni muda unaopita kati ya kuharibu na kusema kwamba nimeharibu. Mwaka 2015 sikusema kabisa. Siku hizi huchukua siku moja, pengine mbili, na kama mteja ni mkali huchukua zaidi, sitadanganya. Wenye kazi nyingine watakuwa na futikamba zao.

Mwezi uliopita bwana mmoja alifuata kanzu yake, nami nilikuwa nimeipunguza urefu kupita alama ya chaki. Kabla sijafikiri, nikamwambia aje kesho. Alipoondoka, kijana ninayemfundisha kazi hakusema kitu. Alilichukua daftari, akalifungua kwenye ukurasa wa siku ile, akaliweka juu ya meza ya kukatia, kisha akarudi kwenye cherehani yake. Nilimpigia simu yule bwana kabla ya magharibi.